Tumefungwa: Shabiki Anadaiwa na Nani?

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumwita mtu aliyejifungamanisha na timu. Mpenzi ndilo la heshima. Watangazaji wa redio wamelizoea tangu zamani, wapenzi wa kandanda, wapenzi wa Yanga. Mnazi ni la vijiweni, la mtu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kindakindaki ni yule ambaye hatujui kama alichagua au alizaliwa hivyo. Lakini lililoyashinda yote ni shabiki, nalo ndilo lililopatwa na bahati mbaya ya kutoka uwanjani na kuingia katika siasa. Siku hizi mbunge akitaka kumnyamazisha mwenzake humwambia aache ushabiki. Mhariri akiikataa makala husema ina ushabiki mwingi. Maana yake ni kwamba mtu huyo amechagua upande kabla ya kuisikia hoja, na kwamba hata akiisikia haitamsaidia. Sijapata kusikia neno hilo likitumika kumsifu mtu nje ya uwanja.

Nauliza kama lawama hiyo ni ya haki, na nauliza kupitia Birmingham. Niliishi katika mji huo nikiandika tasnifu ya uzamivu isiyohusu mpira hata kidogo, na nilikuwapo mwaka 2020, mwaka ambao kwa muda wa miezi minane Watanzania wengi walijikuta wakisema "sisi" juu ya klabu ambayo mwezi uliotangulia wasingeweza kuonyesha ilipo kwenye ramani. Neno "sisi" ndilo linalonishughulisha. Shabiki aliyekaa Tandika, au Sharjah, au Small Heath, ambaye hajagusa mpira tangu shule ya msingi, husema tumefungwa. Hasemi wamefungwa. Na katika lugha yetu kufungwa ni kutiwa kamba, ni kutiwa gerezani, ni kama mlango au kiwanda ambacho hakifunguliwi tena. Mtu anajitia katika kitenzi kizito namna hiyo kwa hiari yake, kwa sababu ya watu kumi na mmoja wasiomjua jina. Kwa nini tusiuite huo upumbavu, tukamaliza?

Wanafalsafa wanaoandika kwa Kiingereza wamelijadili swali hili kwa uzito kuliko tunavyodhani. Nicholas Dixon, katika makala yake ya mwaka 2001 kuhusu maadili ya kuunga mkono timu, alilinganisha mapenzi ya timu na mapenzi ya mtu. Twaanza kumpenda mtu kwa sifa zake, lakini mapenzi yakikomaa humhamia yeye mwenyewe, na akipungukiwa na sifa hizo hatumwachi tukamfuata mwingine aliyemzidi. Anayeihama timu yake kwa kuwa imeanza kushindwa basi hakuwahi kuipenda, alipenda ushindi. Papo hapo Dixon anaweka mpaka: shabiki mwadilifu ni yule wa wastani, aliye radhi kuiondolea timu yake mkono inapokiuka kanuni au roho ya mchezo. Stephen Mumford, katika kitabu chake Watching Sport cha mwaka 2011, alikwenda upande wa pili akamtetea mtazamaji anayeupenda mchezo wenyewe kuliko timu yoyote. Huyo, kwa hoja ya Mumford, huona mengi zaidi, kwa kuwa hatazami kwa jicho la upande mmoja.

Ninawaheshimu wote wawili, lakini nadhani wameisoma picha hii wakiwa wamekata pembe yake moja. Wanazungumza juu ya shabiki na timu yake kana kwamba wako wawili tu duniani, kama bwana na bibi. Anayetoka Dar es Salaam anajua kwamba daima wako watatu. Yupo shabiki, ipo timu, na yupo yule wa ng'ambo ya barabara ambaye kesho asubuhi atamsubiri kazini.

Katika miji mingi mikubwa ya Marekani mtu anaweza kuupenda mji wake kupitia timu zake zote: moja ya mpira wa kikapu, moja ya besiboli, moja ya ule mpira wao wa kubeba mikononi, na zote zina jina la mji kifuani. Birmingham haikupi nafasi hiyo. Ukitaka kuupenda mji huo kupitia kandanda, sharti uchague nusu yake. Aston Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Kimethodisti la Villa Cross waliotafuta mchezo wa kucheza majira ya baridi, wakati kriketi imelala. Mwaka uliofuata, upande wa mashariki, vijana wengine wa kanisa na wa kriketi pia, wa Holy Trinity ya Bordesley, wakaanzisha Small Heath Alliance, ambayo leo ni Birmingham City. Makanisa mawili, kriketi ile ile, uhasama wa miaka mia moja na hamsini. Zilipokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1879, matokeo yaliandikwa kwa namna ambayo sijaiona kwingine: Small Heath ilishinda kwa bao moja na bao lenye mgogoro, kwa sifuri. Mwandishi wa siku hiyo hakuamua kama bao la pili lilikuwa bao. Aliliacha palepale, na mgogoro wake. Msomaji aliweke bao hilo akilini, nitalirudia.

Baada ya hapo njia zao zilitofautiana sana. Mkurugenzi wa Villa, William McGregor, ndiye aliyeandika barua zilizozaa Ligi ya Uingereza mwaka 1888. Villa imekuwa bingwa wa ligi hiyo mara saba, na mwaka 1982 huko Rotterdam iliifunga Bayern Munich bao moja kwa sifuri ikachukua Kombe la Ulaya. Birmingham City haijawahi kuwa bingwa wa ligi kuu hata mara moja. Ina Kombe la Ligi la mwaka 1963, ililolipata kwa kuifunga Villa (na hilo wenyewe hawaliachi lipumzike), na la mwaka 2011 mbele ya Arsenal. Kwa hiyo ukisema watu hupenda timu kwa ajili ya utukufu wake, utapaswa kueleza jinsi vizazi vitano au sita vya watu wenye akili timamu vimeendelea kupanda ule mwinuko wa kwenda St Andrew's. Mimi sioni maelezo mengine ila kwamba wanawakuta wenzao huko.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi Longbridge hadi kiwanda cha magari cha Rover kilipofungwa mwaka 2005, na alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa juu ya jambo hili. Tarehe 1 Machi 2020, Mbwana Samatta aliifungia Villa kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, mbele ya Manchester City. Villa ilipoteza mechi hiyo, mawili kwa moja. Asubuhi yake mzee huyo alinikuta natoa taka. "Kijana wenu amefunga vizuri sana," akaniambia. "Jezi tu ndiyo mbaya." Kisha akaingia ndani. Nimesoma makala nyingi kuhusu ujumuishaji wa wahamiaji barani Ulaya, na baadhi nimezisomesha. Sikumbuki iliyonieleza kwa ufupi hivyo kwamba nimepokelewa.

Maana alichokuwa akinifanyia mzee yule kina jina kwetu. Ni utani. Magazeti ya Dar es Salaam huziita Simba na Yanga watani wa jadi, na tumelizoea neno hilo hata tumesahau kwamba si pambo. Utani ni taasisi. R. E. Moreau aliuandikia makala katika miaka ya 1940, akakusanya jozi za makabila ya Tanganyika yaliyokuwa na uhusiano huo, na akaona kwamba mara nyingi chanzo chake ni vita vya zamani au safari za misafara: watu waliowahi kupigana, au waliokutana njiani wakiwa wageni, walihitaji namna ya kukaa pamoja bila kujifanya kwamba hapakuwahi kutokea kitu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuchukua kitu chako bila kuomba, hata kuleta mzaha msibani kwako. Lakini ruhusa hiyo ina bei. Siku ya mazishi mtani ana kazi, tena kazi nzito, na asipofika anaulizwa. Anayecheka mlangoni ndiye anayetarajiwa kushika jembe.

Makao ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na ya Simba, iliyozaliwa mwaka uliofuata na ambayo kabla ya mwaka 1971 iliitwa Sunderland kwa jina la klabu ya Kiingereza, yanafikiana kwa miguu katika Kariakoo moja. Jangwani na Msimbazi ni majirani. Nyumba moja hugawanyika: baba njano na kijani, mama nyekundu na nyeupe, na ubwabwa unapikwa chungu kimoja. Yanga ikifungwa, anayeumia zaidi ni yule ambaye shemeji yake ni Simba. Ndiyo kusema kwamba asiye na mtani hana sababu kubwa ya kuumia. Ataudhika tu, kama mtu aliyekosa basi.

Hapa naweza kuirudia lawama niliyoanza nayo. Ushabiki unaolaaniwa bungeni na magazetini ni ule wa upande mmoja usiomdai mtu chochote kwa upande wa pili. Mwanachama wa chama fulani anaweza kumkejeli wa chama kingine mwaka mzima bila kuwajibika kwake siku ya msiba. Tena tumeona mahali ambapo watu wa vyama tofauti waliacha kuzikana. Hilo lilipotokea walikuwa wameuchukua uwanjani ushindani wake, wakauacha utani mlangoni.

Nisije nikaonekana nasifu kila kinachofanyika majukwaani. Tarehe 11 Mei 1985, katika ghasia za mashabiki wa Birmingham City na Leeds pale St Andrew's, ukuta ulianguka na kumuua kijana wa miaka kumi na mitano. Siku hiyo hiyo moto wa uwanja wa Bradford uliua watu 56, kwa hiyo kifo cha kijana yule kilizama katika habari kubwa zaidi, na leo nje ya Birmingham wachache wanakikumbuka. Tarehe 10 Machi 2019, katika uwanja ule ule, shabiki mmoja aliruka uzio, akamwendea nahodha wa Villa, Jack Grealish, kwa nyuma, akampiga ngumi. Alihukumiwa kifungo cha wiki kumi na nne. Grealish akainuka na kufunga bao pekee la mechi. Yule aliyeruka uzio alikuwa na mapenzi ya timu, hilo halina shaka. Hakuwa na deni lolote kwa mtu wa upande wa pili. Wasomi wa kile Kituo cha Taaluma za Utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham, alichokiongoza Stuart Hall, walilishughulikia swali la vurugu za mpira mapema. John Clarke aliandika mwaka 1973 kwamba vijana wale walikuwa wakiigombania nafasi katika mchezo uliokuwa ukiondoka mikononi mwa watu wa mtaa na kuwa tamasha la kuuzwa. Nadhani aliona vizuri. Ningeongeza kwamba kilichoondoka pamoja na mtaa ni yule mzee wa upande wa pili anayekujua jina, ambaye mbele yake ungeona haya.

Sasa nirudi kwa Watanzania wa mwaka 2020. Samatta alianzia African Lyon na Simba, akapitia TP Mazembe ya Lubumbashi ambako alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha Genk ya Ubelgiji ambako alitwaa ubingwa wa ligi. Tarehe 20 Januari 2020 Villa ikatangaza kumsajili, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wakenya walikuwa wameyaonja hayo tangu mwaka 2013, Victor Wanyama alipojiunga na Southampton, kwa hiyo walitutazama kwa ukarimu wa kaka aliyetangulia kuoa. Tarehe 1 Februari, katika mechi yake ya kwanza ya ligi, alifunga dhidi ya Bournemouth, ingawa Villa ilipoteza. Kurasa za klabu hiyo mitandaoni zilijaa Kiswahili. Waingereza waliokuwa wakisubiri habari za majeruhi wakakuta mamia ya watu wakisalimiana, wakitaniana juu ya Simba na Yanga, wakimwelekeza kocha nani aanze. Mwezi Septemba Samatta alipelekwa Fenerbahçe ya Uturuki, baada ya mechi kumi na nne za ligi na bao moja, na Kiswahili kikakauka karibu mara moja.

Kulikuwa na kicheko. Bendera fuata upepo, walisema hata baadhi yetu. Huo ndio uzalendo wenu, mnahama na mtu. Kwa kipimo cha Dixon hukumu ni rahisi: hawakuipenda timu. Lakini kipimo hicho kinawahukumu kwa ahadi ambayo hawakuitoa. Watu wale walikuja na bwana harusi. Waliimba, wakapiga vigelegele, wakala, na bwana harusi alipoondoka waliondoka naye, na hakuna ustaarabu ninaoujua unaomlaumu mtu wa upande wa bwana harusi kwa kutobaki ukweni. Uaminifu wao ulikuwa wa undugu, na ulikuwa mnyofu kabisa. Nikilinganisha, nina mashaka zaidi na yule wa Kinondoni anayeshabikia klabu ya Manchester au ya London miaka ishirini na anayejiona amekomaa kuliko hao, wakati mapenzi yake yalianza mwaka ambao klabu hiyo ilichukua kila kombe. (Ninao marafiki wa namna hiyo. Watanisamehe, au watanijibu.) Ila hata huyo anaokolewa na kibanda cha kuonyeshea mpira anakokwenda kila Jumamosi, kwa sababu humo amepata watani, na kwa watani hao hawezi tena kuhama bila kueleza.

Wapo waliobaki. Baadhi ya Waswahili wa Birmingham ninaowafahamu ni Villa hadi leo, na sababu yao haikuwa Samatta tena. Walikwishaanza kutaniwa. Fundi wa gari mwenye jezi ya buluu alikuwa anawajua, mwalimu wa mtoto alikuwa anawajua, na kuacha kungekuwa kuwakatia watu hao mazungumzo katikati. Mtu anaingia kwa ajili ya ndugu yake na anabaki kwa ajili ya mpinzani wake. Nionavyo mimi, jambo hilo linatueleza kuhusu asili ya uaminifu zaidi ya mifano ya mume na mke.

Msimu ule ule ulituachia mtihani mwingine mgumu zaidi, na ndio unaonifanya niandike. Ligi ilisimama mwezi Machi kwa sababu ya korona. Ilipofunguliwa tena, tarehe 17 Juni, mechi ya kwanza kabisa ilikuwa Villa Park, bila watazamaji, Villa na Sheffield United. Kabla ya mapumziko ulipigwa mpira wa adhabu, kipa wa Villa, Ørjan Nyland, akaudaka, akasukumwa nyuma, akaingia nao ndani ya goli lake akiwa ameukumbatia. Ulimwengu mzima uliona kwenye televisheni. Mwamuzi aliitazama saa yake, ambayo hutetemeka mpira unapovuka mstari, na saa ilikuwa kimya. Kampuni ya Hawk-Eye, yenye mitambo hiyo, ilieleza baadaye kwamba kamera zake zote saba zilizibwa na kipa, beki na mlingoti, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mechi zaidi ya 9,000, na ikaomba radhi. Mechi ikaisha bila bao.

Tarehe 26 Julai msimu ulikwisha. Villa ilipata pointi 35, Bournemouth 34. Bournemouth ikashuka daraja. Hesabu haihitaji chuo kikuu: lile bao lingehesabiwa na mechi ikaisha hivyo, Villa ingekuwa na 34, sawa na Bournemouth, na kwa tofauti ya mabao Bournemouth ndiyo ingebaki. Kushuka daraja si huzuni ya mashabiki peke yake. Ni mapato ya mamilioni kwa makumi, na nyuma ya mapato kuna watu wa jikoni, wa ofisini na wa kufua jezi.

Je, shabiki wa Villa alikuwa na haki ya kufurahi? Kanuni ya shabiki wa wastani inashikwa na kigugumizi hapa. Villa haikuvunja sheria yoyote. Ilikaa kimya tu, na kipa wake, aliyejua kuliko mtu yeyote mpira ulikuwa wapi, alikaa kimya vilevile. Mumford angetwambia kwamba mpenzi wa mchezo angesikitika, na ni kweli, lakini mpenzi wa mchezo hakuwa na la kupoteza. Wapo watakaosema bahati husawazika, msimu una mechi 38, nani ajuaye makosa mengine yalimwangukia nani. Hoja hiyo ninaiona dhaifu. Ndiyo ile ya mtu aliyezidishiwa chenji dukani, anayejituliza kwa kukumbuka maduka mengine yaliyowahi kumpunja.

Mimi nadhani furaha yenyewe haina hatia. Mtu hana amri kamili juu ya moyo wake dakika ya tisini. Hatia huanza katika kauli. Nilisikia wakati ule, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, watu waliosema mpira haukuvuka, kwamba picha hudanganya, kwamba pembe ya kamera ilikuwa mbaya. Huo ndio ushabiki wa bungeni, umerudi uwanjani ulikotoka. Mwingine alisema: uliingia, niliuona, na nimefurahi kwamba tumebaki. Kauli ya pili haistareheshi, na sina hakika kwamba inamtosha mtu wa Bournemouth. Lakini imeuacha ukweli mahali pake. Ni kama mwandishi yule wa mwaka 1879, aliyeliweka bao lenye mgogoro katika matokeo bila kulificha na bila kulipitisha.

Na ni nani anayemlazimisha shabiki aseme kauli ya pili badala ya ya kwanza? Mwamuzi alikwishapuliza filimbi, kampuni ilikwishaomba radhi, jedwali la ligi lilikwishafungwa. Anayebaki ni mtani. Mtu wa buluu wa Small Heath ataukumbusha mpira ule kila mwaka hadi mmoja wao azikwe, na mtu wa Villa anadaiwa kumsikiliza. Asipojibu kwa ukweli atachekwa mara mbili. Hii ndiyo kazi ya utani ambayo sijaiona katika maandishi ya wanafalsafa niliowataja: unampa kila mwenye upande mtu wa kumhifadhia ukweli wake usiopendeza. Uaminifu kwa upande na uaminifu kwa ukweli huonekana kuwa maadui pale tu mtu anapokaa na wa upande wake peke yao.

Kama deni la shabiki liko kwa wenzake na kwa watani wake, basi haliko kwa wenye hisa, na jambo hilo lina matokeo ya kawaida kabisa. Villa leo ni mali ya Mmisri Nassef Sawiris na Mmarekani Wes Edens. Birmingham City ilinunuliwa mwaka 2023 na kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Knighthead, na nyota wa mpira wa Kimarekani Tom Brady ana sehemu ndogo. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, halmashauri ya jiji ilitangaza kwamba haina fedha za kutosha kugharimia matumizi yake, huku wawekezaji wakizungumzia uwanja mpya na mabilioni. Villa iliporudi katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya msimu wa 2024–25, tiketi za watu wazima ziliuzwa kati ya paundi 70 na 97. Shabiki aliyekataa kulipa, akaitazama Bayern ikifungwa tena bao moja kwa sifuri akiwa nyumbani kwa shemeji yake, hakuisaliti klabu. Sioni alichomnyima mtu aliyekuwa akimdai.

Swali linalobaki gumu kwangu ni la wale wa karibu zaidi. Siku ya mechi umati hushuka katika stesheni ya Witton na kupita mbele ya maduka na misikiti ya watu wa Aston, ambao wengi wao asili yao ni Asia, Karibiani na Afrika, na ambao wengi hawaingii uwanjani. Kwa sensa ya mwaka 2021 zaidi ya nusu ya wakazi wa Birmingham si Wazungu. Majukwaa hayajaisoma sensa hiyo. Wapo Wasomali wa Small Heath wanaouona mnara wa taa za St Andrew's kutoka dirishani na wanaoshabikia timu za London. Sitawaambia kwamba wanadaiwa na Birmingham City, maana utani haulazimishwi; sharti upande mmoja uanze kutukana kwa upendo na mwingine usichukie, na kwa mtu aliyewahi kutukanwa mtaani bila upendo wowote, kutofautisha hayo mawili huchukua muda mrefu, pengine kizazi.

Watoto wao wanafanya haraka kuliko wazazi. Wanasema "sisi" bila kujieleza. Katika nyumba moja ya Waswahili ninayoifahamu, mkubwa ni Villa na mdogo ni Blues, na mama yao, ambaye mpira haumhusu, amepiga marufuku jezi mezani. Wanachogombania hasa hawajakiona. Villa ilipanda ligi kuu mwezi Mei 2019, ikaiacha Birmingham City chini. Mwaka 2024 Birmingham City ikashuka tena hadi daraja la tatu, ikarudi mwaka 2025 kwa rekodi ya pointi 111. Tangu siku ile ya ngumi ya Grealish hadi msimu huo ulipokwisha, timu hizo mbili hazikuwa zimekutana katika ligi. Mdogo alikuwa na miaka miwili. Yule wa jezi ya buluu anajua habari zote za bao la Nyland, na anapotaka chapati ya kaka yake huanza kwa kumuuliza kama mpira ulivuka.